Mlango Ndani ya Folda ya Mama

Maktaba ya Kanisa, Gesima
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Mwanangu Mogire,

Bwakire buya, ingawa huko kwenu sijui kama ni asubuhi. Sisi tu wazima. Mvua imekuja vizuri na chai inatoa majani kuliko mikono yangu inavyoweza kuchuma.

Nimemaliza kufagia maktaba, sasa nimekaa kwa kompyuta ya pembeni kama ulivyonionyesha kabla hujaenda Amerika. Cynthia wa maktaba ananicheka. Anasema, "Mama Mogire, hicho kidole kimoja kitazeeka kabla ya vingine tisa." Nikamwambia aniache, mimi niliishia darasa la tano, kidole kimoja kinatosha. Na unisamehe naandika Kiswahili. Kigusii nakijua mdomoni, lakini kuandika nilifundishwa hii.

Mwanangu, kwa simu unasema "niko sawa mama" na mimi nasema "hata sisi", halafu tunanyamaza. Barua ni afadhali. Nikiisoma leo, kesho narudi naikuta palepale.

Sasa neno lililonileta ni la baba yako. Kila Jumatano anakuja hapa kusoma magazeti ya wiki iliyopita ambayo Urmila anatutumia kutoka duka lake la Kisii. Anakaa kiti cha mbele kama mwenyekiti wa harusi. Jumatano iliyopita nikamwambia, Mzee Onyiego, kijana wako ameandika, njoo usome. Akaangalia skrini. Akaona folda imeandikwa MOGIRE. Akasema, "Hiyo ni nyumba ya kijana. Toka lini baba akaingia nyumba ya kijana wake aliyetahiriwa? Hizo ni chinsoni, mama, usinichezee." Akarudi kwa gazeti.

Nikamwambia hii si nyumba, ni mashine. Akasema jina liko mlangoni, ni nyumba.

Wewe unajua na mimi najua si chinsoni peke yake, si hiyo miiko ya baba na kijana tu. Ni ile ya kutokuja kumzika ndugu yako Ogeto. Tangu mwezi wa pili hajalitaja jina lako. Nikiweka sahani mezani naweka mbili, na tunakula kama watu wawili walioketi karibu hospitalini, kila mtu na ugonjwa wake.

Nakuomba basi, toa kopi ya barua zako uweke kwa folda yangu, ile ya NYAKERARIO. Kwa nyumba ya mke wake hawezi kukataa kuingia.

Nyumba yako nimeifagia Ijumaa, sebule tu, na madirisha nimefungua. Popo wameondoka.

Ni mimi mama yako,
Nyakerario

—

Saint Paul, Minnesota
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, hapa katikati ya mashine zinazovuma kama nyuki. Ni kazi ileile, kuzichunga zisizime. Chumba ni baridi mwaka mzima na mara nyingi niko peke yangu.

Kopi sitatoa, na usikasirike, nitakwambia kwa nini. Tuseme nimeweka barua kwangu, na kopi yake kwako. Kesho nikumbuke neno nirekebishe ile ya kwangu. Ya kwako itabaki na neno la zamani, na mtu akizikuta mbili hajui ya kweli ni ipi. Tena zinakula nafasi mara mbili, na ile seva, mashine inayotunza folda zetu zote kwa duka la Urmila, ni mzee kama babu.

Kuna njia nyingine. Ndani ya folda yako nimeweka kitu kinachofanana na folda, lakini si folda. Ni mlango tu. Sisi tunakiita kiungo. Ukiubonyeza, kompyuta inakupeleka mpaka chumba changu cha barua bila kukuambia umetoka kwako. Kitu ni kimoja, kiko mahali pamoja, ila kinafikiwa kutoka nyumba mbili. Hata nikikihamisha chumba siku moja, nitageuza mlango uelekee kwenye kipya, wewe hutajua na hutapotea. Kwenye seva kubwa watu elfu moja wanapitia milango elfu moja kufika kwa faili moja, na kila mtu anadhani iko kwake.

Nimekupa ruhusa ya kusoma na ya kuandika. Ukiweka kitu humo kupitia kwako, mimi nakiona papo hapo.

Mwambie mzee aingie kwa mke wake.

Mogire

—

Gesima
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Mwanangu,

Mlango nimeuona. Umeandikwa BARUA ZA MOGIRE na una kamshale kadogo. Niliubonyeza nikaogopa kidogo, kama mtu anayefungua kabati akakuta sebule ya jirani.

Jana baba yako nilimwita. Nikamwambia hii ni NYAKERARIO, soma jina, ni mkeo huyu wa miaka thelathini na nane, au umenisahau? Cynthia akacheka, na yeye karibu acheke. Akakaa. Akasoma ile barua yako ya mashine zinazovuma, yote, midomo ikitembea.

Alipomaliza akavua miwani. Akasema, "Kazi iliyomnyima ruhusa ya kuzika imempa ruhusa ya kuandika." Akatoka. Hata gazeti hakulimaliza.

Mogire, nisingekwambia, lakini nimebeba peke yangu nimechoka. Ile siku ya mazishi ulituambia kwa simu wakubwa wako wamekataa. Baba yako alisimama mbele ya watu akawaambia hivyo. Na mzee mwenzake Ratemo akamjibu hadharani: kwani huyo bosi hana ndugu? Mtu akifiwa hupewa siku tatu hata kwenye kazi ya kuchuma chai. Baba yako hakuwa na jibu. Tangu hapo ndio amenyamaza.

Kama kuna jibu, nipe mimi. Nitajua pa kuliweka.

Mama

—

Saint Paul
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mama,

Hakuna jibu lingine. Walikataa, ndivyo ilivyokuwa.

Hapa miti imekuwa myekundu, yote kwa wiki moja. Ungependa kuiona. Kula vizuri, usichume ukiwa umelowa.

Mogire

—

Gesima
Jumanne, 19 Novemba 2024

Mwanangu Mogire, nimekosa. Nimekukosea sana.

Cynthia alituambia mashine ya Kisii imejaa, kila mtu apunguze vitu vyake. Mimi nikaona nitangulie, maana ni mimi mfagiaji. Nikafungua yako MOGIRE nikaona barua. Nikafungua yangu nikaona barua zilezile. Nikasema, kwa nini kitu kimoja kiwe mara mbili tunajaza mashine ya watu? Nikaifuta ya kwangu. Ikaniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo.

Nilipofika nyumbani, naosha mboga za chinsaga, nikakumbuka. Ulisema kitu ni kimoja. Mogire, mikono ilikufa ndani ya maji. Kama ni kimoja na nimekifuta, basi nimekufuta wewe. Barua zote, hata ile ulipokuwa unanieleza theluji mara ya kwanza. Nilirudi mbio maktaba ikawa imefungwa. Leo nimefika kabla ya Cynthia na ninaogopa kufungua ile yako nione patupu. Sijafungua. Naandika kwanza.

Ya Ogeto sina hata sauti yake. Simu yake ilipondeka pale lori lilipoanguka kwenye kona. Wewe ndiye nilikuwa naye kwa maandishi. Nasema nitakuwa na nini tena.

Nisamehe. Mikono ya mtu asiyesoma ni hii.

Mama yako

—

Saint Paul
Jumanne, 19 Novemba 2024

Mama, usilie. Hujafuta kitu.

Umeng'oa mlango tu. Nyumba iko. Fungua MOGIRE sasa hivi utaona barua zote zimekaa. Ukiondoa kiungo, kinachoondoka ni ile njia. Kilicho upande wa pili hakijui hata kama kulikuwa na mlango. Hatari ingekuwa uingie ndani kwanza ndipo uanze kutupa vitu, maana hapo ungekuwa unatupa vya kweli. Wewe ulibaki nje. Na nafasi hukupunguza, kwa sababu mlango hauli nafasi. Ndiyo faida yake.

Nimeurudisha saa hii, mapumziko ya dakika kumi, vidole vimeganda. Umeandikwa vilevile BARUA ZA MOGIRE. Ingia tu.

Na mikono yako usiitukane. Nilikulia humo.

Mogire

—

Gesima
Alhamisi, 9 Januari 2025

Mwanangu,

Krismasi imepita. Tulikuwa mimi na baba yako na kuku mmoja, tukashindwa kummaliza.

Nilikuta barua zote kama ulivyosema, nikakaa hapa nikacheka peke yangu mpaka Cynthia akaja kunigusa paji la uso.

Lakini kuna jambo silielewi. Baba yako amebadilika. Jumatano moja mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nje napangusa madirisha, nikamwona kupitia kioo amekaa kwa kompyuta yangu bila kuitwa. Alikaa mpaka Cynthia akaanza kuzima taa. Tulipanda kilima yeye mbele mimi nyuma, na nikaona anakosea njia, njia ambayo amepita tangu azaliwe.

Kesho yake akachukua jembe akalima magugu yote yaliyozunguka kaburi la Ogeto. Akapanda maua. Onyiego na maua! Halafu, hii ndiyo iliyonitisha, alisimama mbele ya nyumba yako. Hakuingia, unamjua. Alisimama nje akaangalia paa, akasema, "Hii bati imeanza kutu upande huu." Akapanda ngazi akapaka rangi. Mzee wa miaka sitini na tisa.

Nikamuuliza, una nini? Akaniambia, "Nina paa inayovuja." Hiyo bati haijavuja hata siku moja.

Tena nimeona ule mlango ulionirudishia una vitu vingi kuliko wa kwanza. Kuna picha za mashine, kuna makaratasi ya Kizungu. Na kuna folda imeandikwa OGETO. Hiyo sijaifungua. Nikiona hilo jina limeandikwa, nazima skrini. Kaburi lenyewe napita nikiangalia chini. Ni nini kiko humo? Au ni baba yako ameweka?

Mama

—

Saint Paul
Ijumaa, 10 Januari 2025

Mama,

OGETO haikufaa kuwa hapo. Ni kosa langu. Siku ile nilirudisha mlango kwa haraka, na badala ya kuuelekeza kwenye chumba cha barua niliuelekeza kwenye nyumba nzima, pamoja na vyumba ambavyo MOGIRE ya hapo maktaba haionyeshi. Hii ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya bila kukosea.

Usiifungue tafadhali. Ni vitu vyangu na ndugu yangu. Nikitoka zamu nitaingia nigeuze mlango kama ulivyokuwa.

Mama, mzee ameifungua? Mwulize. Hapana, usimwulize.

Mogire

—

Ndani ya folda OGETO, faili ya kwanza
9 Februari 2024

Ogeto,

Leo wanakuzika. Binamu yetu Lewis ameshika simu juu ya vichwa vya watu ndio nione, lakini naona kofia tu, na miavuli. Nimeona mkono wa mzee ukiinuka na udongo. Halafu mtandao ukakatika.

Wewe ndiye uliyekuwa unanifichia mambo, kwa hiyo nakwambia wewe. Hakuna aliyeninyima ruhusa. Bosi aliniambia nenda, hata alinipa pole. Ni makaratasi ya kuishi huku, Ogeto. Yaliisha tangu mwaka juzi na mapya hayajatoka. Nikivuka kutoka hapa sirudi, na wakinirudisha huko narudi mikono mitupu mbele ya kanisa lote ambalo mzee aliliambia kijana wake yuko na makaratasi safi. Unakumbuka alivyosimama siku ile, amevaa koti la harusi yake?

Nikamwambia kazi imekataa. Nilifikiri hasira ataiweza, aibu hataiweza.

Sikurusha udongo. Sijui unalalaje bila wangu. Nimeshuka chini nikachota theluji iliyo mbele ya mlango nikairusha pembeni, watu wakaniangalia. Ikayeyuka kabla sijarudi ndani.

Ndugu yako,
Mogire

—

Ndani ya folda OGETO, faili ya kumi na mbili
Jumatano, 8 Januari 2025

Kwa Ogeto,

Ni baba yako Onyiego. Miaka ishirini nilikuwa karani wa kupima majani ya chai, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi na kwa usahihi.

Sikuingia nyumba ya mtu. Nilikuwa kwa mke wangu. Nikaona jina lako, nikasema mama yako amekusanya vitu vyako, na wewe ulikufa hujajenga, vitu vyako viko mikononi mwangu. Nikafungua. Mstari wa kwanza ukaniambia ni nani aliyeandika. Hapo ilifaa nisimame nitoke. Sikutoka. Nimezisoma zote kumi na moja. Kama nimevunja chinsoni, nimevunja nikiwa na akili timamu.

Yeye bado siwezi kumwandikia. Mambo kati ya baba na kijana yana mpaka wake na mimi ni mzee wa kuufuata. Lakini wewe naweza kukwambia, na mtaelewana naye kama zamani.

Mwambie makaratasi si aibu. Mimi nilitahiriwa mwaka mmoja na watu wawili waliolala jela ya Kisii kwa kukosa kipande cha kitambulisho, na leo ni wazee wa kanisa.

Mwambie asije. Ikiwa kuja ni kupoteza yote, akae huko mpaka yatoke. Nyumba yake ninaitunza kwa nje. Ndani ni mama yake.

Halafu mwambie hili. Siku ile ya udongo nilirusha mara mbili. Ratemo alinishika mkono akidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa na hasira na ndugu yako kama moto, lakini ya pili ilikuwa yake. Nilisema kwa sauti ya chini, hii ni ya Mogire. Kwa hiyo lala vizuri. Wa kwake uko hapo juu yako, umechanganyika na wangu, hakuna wa kuutenganisha.

Baba

—

Gesima
Alhamisi, 6 Februari 2025

Mwanangu Mogire,

Uliniambia nisifungue, sijafungua. Uliniambia nisimwulize, sijamwuliza. Ulisema utaugeuza mlango, na mimi naona haujageuka, lakini sikulazimishi, labda una kazi nyingi.

Mimi nakuandikia tu kwa sababu nyumbani pametulia namna nyingine. Zamani baba yako alikuwa ananyamaza kama mtu aliyefunga mdomo. Sasa ananyamaza kama mtu anayefikiria neno la kusema. Kila Jumatano anakaa kwa kompyuta yangu anaandika kwa vidole viwili, na mimi nangoja nje na ufagio. Cynthia anasema, "Mama Mogire, mzee wako amekushinda kidole kimoja." Nikamwuliza jana, unamwandikia nani? Akasema, "Simwandikii mtu." Lakini alikuwa amenyoa ndevu.

Wewe barua zako kwangu zimekuwa fupi. Ya mwisho ilikuwa mistari minne, nimehesabu. Sikulaumu. Ila nimeanza kuona kama nyote mna mahali mnapoenda, na mimi nimebaki na funguo za nyumba ambazo hakuna mtu ndani. Kwako nafagia sebule, kwa Ogeto napita nikiangalia chini, kwangu napika kidogo kinabaki.

Jumapili inatimia mwaka mmoja. Nitaenda kaburini na baba yako. Amesema tutaenda pamoja, hajawahi kusema hivyo. Kama una neno la kumwambia ndugu yako, niandikie mimi nimpelekee. Nitajikaza niangalie.

Ni mama yako anayekupenda,
Nyakerario

—

Saint Paul
Alhamisi, 6 Februari 2025

Mama yangu,

Mlango nilienda kuugeuza ile Ijumaa ya Januari. Nikakuta ndani barua ambayo si yangu. Nikauacha.

Nilikudanganya kuhusu mazishi. Ukweli uko humo, nimechoka kuubeba. Nilikukataza kwa sababu nilidhani utaumia, halafu nikasahau kwamba wewe ndiye uliyetaka tuongee. Mlango wenyewe uliuomba wewe. Uko kwa folda yako, una jina lako juu yake, na sisi wawili tumekuwa tukipita humo kila wiki tukikuacha nje na ufagio.

Weka ufagio chini. Kaa kiti cha mzee.

Fungua OGETO, mama. Hakuna kaburi humo. Ni mimi na baba tunaongea, na kila mmoja wetu, ukisoma utaona, anauliza mama anaendeleaje, maana hakuna anayejua.

Mogire